Maisha ya Abebe Bikila, Askari Mkimbiaji wa Uhabeshi

Mvua za umuhindo huanza hapa Kigali mwezi wa Septemba, nazo ndizo ndugu zetu wa pwani waziitazo vuli. Mara zianzapo, vumbi jekundu la njia za vilimani hugeuka utelezi, asubuhi huwa na ukungu na baridi, na kundi la wakimbiaji wa mbio ndefu huanza kupungua. Mwezi wa Agosti utawaona vijana wengi wakipanda kilima cha Rebero kabla ya jua kutoka, nao wanacheka na kutaniana. Mwezi wa Novemba utawaona wachache tu, tena wamenyamaza. Wala si ajabu. Mbio kubwa za kimataifa za Kigali, zilizoanza mwaka 2005, kwa kawaida hufanywa Mei au Juni. Basi anayekimbia kwenye tope la Oktoba anakimbilia jambo lililo mbali naye miezi saba au minane, na hakuna mtu wa kumpigia makofi ila labda mama mmoja aendaye sokoni na kikapu chake kichwani.

Kwa sababu hiyo nimeona vema kuwaletea wasomaji wa gazeti letu habari za maisha ya Abebe Bikila wa Uhabeshi, nchi ambayo siku hizi huitwa Ethiopia. Watu wengi wanalijua jina lake, lakini wanajua jambo moja tu, kwamba alikimbia Roma bila viatu akashinda. Hiyo ni habari ya saa mbili na robo. Mimi nataka kusimulia zaidi ile miaka iliyotangulia saa hizo, na ile iliyofuata, maana ndiyo inayomhusu mtu anayefunga kamba za viatu vyake asubuhi huku mvua inanyesha.

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, jimbo la Shewa, kaskazini ya mji wa Addis Ababa. Wazazi wake walikuwa watu wa shamba, wa kabila la Oromo. Alipokuwa mtoto mdogo majeshi ya Italia ya Mussolini yaliingia Uhabeshi, mwaka 1935, na jamaa yake ikalazimika kuhama kwao kwa muda. Aliporudi kwenye maisha ya kawaida alichunga mifugo kama watoto wengine, akacheza gena. Mchezo huo wa Wahabeshi ni wa kupiga mpira kwa magongo, na pengine magoli yake huwekwa mbali sana, hata mchezaji akakimbia nyikani kama mtu aliyetumwa kijiji cha pili. Hakuna aliyemwambia kwamba hayo ni mazoezi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Addis Ababa, akaandikishwa katika jeshi la walinzi wa Mfalme Mkuu Haile Selassie. Wasimuliaji wa maisha yake wanasema kwamba siku hizo alikuwa akitoka vilima vya Sululta akikimbia mpaka Addis Ababa, kisha akirudi vivyo hivyo, jumla yapata kilomita 20 kwa siku. Hapa inafaa kukumbuka hali ya nchi ile. Addis Ababa iko juu ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na baina yake na Sululta upo mlima wa Entoto. Sisi wa Kigali, ambao mji wetu una mita 1,500 hivi, tunajiona watu wa milimani. Lakini kwake yeye tungekuwa watu wa bondeni. Hewa ya huko ni nyepesi, na anayeizoea hupata mapafu na damu ya kumsaidia akishuka chini.

Lakini hewa peke yake haimfanyi mtu kuwa mshindi, la sivyo kila mchungaji wa Shewa angalikuwa na medali. Katika jeshi Abebe alikutana na Bwana Onni Niskanen, Mswidi aliyezaliwa Finland, ambaye serikali ilimwajiri kuwafundisha askari mazoezi ya mwili. Huyu alikuwa mtu wa utaratibu. Aliwakimbiza vijana wake nyikani na milimani, kisha akawarudisha uwanjani kukimbia mwendo mfupi kwa kasi, wapumzike kidogo, warudie tena na tena. Alishika saa mkononi na kuandika. Mkimbiaji wa Niskanen hakuhitaji kukisia kama anaendelea mbele au anarudi nyuma, aliweza kuonyeshwa. Kwa maoni yangu hili ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Katika mwezi wa mvua mwili hudanganya. Miguu huwa mizito, tope hushika, na mtu hujiona amekuwa goigoi kumbe ameongezeka nguvu. Daftari halidanganyiki.

Jambo la pili alilolipata jeshini ni wenzake. Alikuwapo Wami Biratu, ambaye siku hizo ndiye aliyekuwa mkubwa wa wakimbiaji wa Uhabeshi, na baadaye akaja Mamo Wolde. Mwaka 1956, katika mashindano ya majeshi, Abebe alifika wa pili nyuma ya Wami. Husimuliwa pia kwamba mwaka huo aliwaona wanariadha waliotoka kwenye Olimpiki ya Melbourne wakipita kwa gwaride, wamevaa makoti yenye jina la nchi yao mgongoni, akatamani koti kama lile. Mimi naiamini habari hiyo, maana ndivyo vijana tulivyo. Lakini koti humwamsha mtu asubuhi ya kwanza, pengine na ya pili. Asubuhi ya mia mbili humwamsha kelele za mwenzake aliyekwisha kuvaa na kusimama nje anamngoja, naye anaona haya kumwacha peke yake.

Na tuseme kweli: Abebe alikuwa na jeshi nyuma yake. Jeshi lilimlisha, likampa kitanda, likampa amri. Mwanafunzi aamkaye saa kumi na moja alfajiri, kisha akae darasani mpaka jioni, hana mpishi wa jeshi. Asijilaumu basi akishindwa kukimbia kilomita ambazo askari huyu alizikimbia.

Angalieni sasa majira ya mwaka. Katika nchi ya Uhabeshi mvua kubwa, waiitayo kiremt, hunyesha tangu Juni mpaka Septemba. Michezo ya Olimpiki ya Roma iliwekwa mwishoni mwa Agosti na mwanzo wa Septemba 1960. Kwa hiyo miezi aliyopaswa kufanya mazoezi makali kuliko yote ndiyo hiyo hiyo ya mvua. Mwezi wa Julai alikimbia marathon yake ya kwanza huko Addis Ababa, akashinda. Mwezi mmoja baadaye akakimbia nyingine hapo hapo kwa saa 2, dakika 21 na sekunde 23. Muda huo ulikuwa bora kuliko ule ambao Emil Zátopek wa Chekoslovakia aliupata alipoishinda marathon ya Olimpiki mwaka 1952, nao ulipatikana katika mji wa juu ambapo pumzi ni ya shida. Watu wa Ulaya hawakuwa na habari, na wachache waliosikia hawakusadiki.

Ipo hadithi isemayo kwamba Abebe alipelekwa Roma kwa bahati tu, akitiwa katika nafasi ya mwenzake aliyeumia kwenye mpira. Hadithi hii inapendwa kwa kuwa inafanya ushindi uonekane kama muujiza. Lakini mtu aliyekwisha kushinda mbio mbili za kilomita 42 katika muda wa majuma machache hakuokotwa njiani. Niskanen aliandikisha watu wawili katika marathon, Abebe Bikila na Abebe Wakgira, naye alijua anachofanya.

Na habari ya viatu nayo imegeuzwa. Wengi hudhani alikimbia miguu mitupu kwa umaskini. Sivyo. Alipofika Roma alinunua viatu vipya, lakini havikumkaa vizuri, vikamtia malengelenge. Yeye na mwalimu wake wakakata shauri akimbie bila viatu, kama alivyozoea mara nyingi katika mazoezi. Nyayo zake zilikuwa zimekwisha kuwa ngumu kwa njia za Shewa. Mtu asiyekuwa na nyayo za namna hiyo asithubutu kumwiga katika lami ya Kigali, maana atafika kituo cha afya kabla ya kufika mwisho.

Mbio zenyewe zilifanywa tarehe 10 Septemba 1960. Kwa ajili ya joto zilianza jioni, karibu saa kumi na moja na nusu, chini ya ngazi za kilima cha Capitoline, na mwisho wake uliwekwa kwenye Tao la Konstantino, karibu na uwanja wa kale wa Colosseum. Abebe alivaa namba 11. Mwalimu wake alikuwa amemwonya juu ya Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko, ambaye ilitazamiwa kuwa atavaa namba 26. Kumbe Rhadi alikuwa amevaa 185, namba aliyoitumia katika mbio za mita 10,000. Basi Abebe akawa anapita watu mmoja mmoja akiitafuta namba 26, wala haioni, huku yule aliyevaa 185 anakimbia bega kwa bega naye. Walipopita nusu ya safari walikuwa wamebaki wawili hao peke yao. Jua likatua. Katika njia ya kale ya Via Appia askari wa Kiitalia walisimama pembeni wameshika mienge, na wakimbiaji wakawa wanapita katikati ya mwanga na giza.

Katika njia hiyo palikuwapo kitu ambacho Mhabeshi hakuweza kukipita bila kukiona. Ulikuwa ni mnara wa jiwe kutoka Axum, mji wa kale wa Uhabeshi, uliochukuliwa na majeshi ya Mussolini mwaka 1937 na kusimamishwa Roma kama nyara. Abebe na Niskanen walipoikagua njia kabla ya mashindano, walipachagua mahali hapo, si mbali na mwisho, kuwa ndipo pa kumwacha mpinzani. Alipofika hapo akaongeza mwendo. Rhadi hakuweza kumfuata. Abebe akamaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, Rhadi akifika sekunde 25 nyuma yake, na Barry Magee wa New Zealand akawa wa tatu. Rekodi ya dunia ya Mrusi Sergei Popov ilivunjwa kwa nafasi isiyotimia sekunde moja. Abebe Wakgira alikuwa wa saba. Watu walipomkimbilia mshindi wakidhani ataanguka, walimkuta ananyosha viungo na kugusa vidole vya miguu, akasema kwamba angeweza kuendelea kilomita nyingine zaidi ya kumi.

Kabla ya siku ile hakuna mtu wa Afrika ya Mashariki aliyewahi kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki. Mwaka huo huo wa 1960 nchi nyingi za Afrika zilikuwa zikipata uhuru, na huku kwetu Rwanda watu walikuwa bado chini ya Wabelgiji, ambao waliondoka mwaka 1962. Mtu mweusi aliyeshinda katika mji mkuu wa wale waliokuja kuiteka nchi yake miaka 25 nyuma! Hapakuhitajiwa maelezo marefu.

Mfalme alimpandisha cheo na kumpa nishani. Mwezi wa Desemba mwaka huo maofisa wa jeshi la walinzi walijaribu kumpindua Mfalme, wakashindwa, na Abebe naye, kwa kuwa alikuwa askari wa jeshi hilo, akakamatwa kwa muda kisha akaachiliwa. Mwaka 1961 alishinda marathon tatu, ya Athens, ya Osaka na ya Košice huko Chekoslovakia. Huko Japani ndiko mwenye kiwanda kimoja cha viatu, Bwana Kihachiro Onitsuka, alikomshawishi avae viatu vyake, akavivaa akashinda navyo. Basi hata suala la viatu kwake halikuwa imani ya dini.

Mwaka 1963 alikwenda Boston, Marekani. Yeye na Mamo Wolde waliongoza kwa mwendo mkali, lakini upepo wa baridi na vilima vya mwisho vikawaangusha. Abebe akafika wa tano. Hiyo ndiyo marathon pekee aliyoimaliza bila kuishinda. Alirudi nyumbani, akarudi kwa Niskanen na saa yake na daftari lake. Wengi wetu tukishindwa mara moja huanza kutafuta njia mpya, mwalimu mpya, dawa mpya. Yeye alirudi kwenye njia ile ile ya Sululta.

Mwaka 1964 Olimpiki ilikuwa Tokyo, nayo iliwekwa mwezi wa Oktoba, wakati wa vuli ya nchi za kaskazini ambapo majani ya miti hugeuka rangi na hewa hupoa. Majuma kadhaa kabla ya safari Abebe alikuwa mazoezini Debre Zeit, akashikwa na maumivu ya tumbo, akaanguka. Waganga wakaona kwamba ni kidole tumbo, na tarehe 16 Septemba akapasuliwa. Yalibaki majuma matano tu. Kwa mkimbiaji wa marathon majuma matano ya mwisho ndiyo ya kuvuna, naye alikuwa kitandani ana mshono tumboni. Alianza kutembea mapema, kisha akakimbia polepole, na alipofika Tokyo hakuna aliyemtazamia kuwa mshindi.

Hapa ndipo ninapoona thamani ya zile asubuhi ambazo hakuna mtu aliyeziona. Nguvu za miaka minane haziondoki kwa majuma mawili ya kulala. Tarehe 21 Oktoba alivaa viatu, soksi na namba 17, akawaacha wengine waongoze mwanzo, kisha akashika mbele, akaendelea peke yake mpaka uwanjani, ambamo watu zaidi ya 70,000 walikuwa wakingoja. Alimaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, rekodi mpya ya dunia. Hakuna mtu mwingine aliyefika mwisho kwa dakika nne. Abebe akalala chali kwenye majani, akaanza kufanya mazoezi ya viungo, akipiga miguu hewani kama mtu anayepanda baiskeli. Nyuma yake Basil Heatley wa Uingereza alimpita Kokichi Tsuburaya wa Japani ndani ya uwanja, mbele ya Wajapani wenyewe. Kabla ya Abebe hapakuwa na mtu aliyeshinda marathon ya Olimpiki mara mbili.

Watu walistaajabia mazoezi yale ya kwenye majani, wengine wakasema anajionyesha. Mimi naona alifanya kile alichokifanya kila siku baada ya kukimbia. Kumaliza kukimbia kulikuwa na desturi yake, na desturi haikujali kama ni Tokyo au Addis Ababa.

Baada ya hapo sifa zilimzunguka. Akapewa cheo cha luteni na gari dogo la Volkswagen. Miaka iliyofuata miguu ilianza kumsumbua. Mwaka 1967 alijitoa katika marathon ya Zarautz, Hispania, kwa maumivu. Mwaka 1968 alikwenda Olimpiki ya Mexico City akiwa ameumia mguu, wala hakuwa amefanya mazoezi ya kutosha, akatoka njiani baada ya kilomita 16 hivi. Kabla ya kutoka alimwambia Mamo Wolde kwamba yeye hataweza kumaliza, basi Mamo ashinde kwa ajili ya nchi. Mamo akashinda kwa zaidi ya dakika tatu. Wapo wanaosema Abebe asingalianza kabisa mbio zile. Labda. Lakini yule mwenzake aliyemzoea katika mazoezi kwa miaka mingi alikuwa hapo kando yake, na mbio hazikupotea.

Kisha ikaja habari ya kusikitisha. Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 Abebe alikuwa akiendesha ile Volkswagen kaskazini ya Addis Ababa, gari likatoka njiani likapinduka. Alinaswa ndani yake mpaka asubuhi. Uti wa mgongo ulikuwa umeumia. Alipelekwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville, akakaa huko yapata miezi minane. Mwanzo hakuweza hata kugeuza kichwa. Mikono ikarudi kidogo kidogo. Miguu haikurudi tena. Alikuwa na miaka 36.

Hospitali hiyo haikuwa hospitali ya kawaida. Daktari mmoja wa hapo, Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, alikuwa ameanzisha hapo mwaka 1948 michezo ya watu waliopooza, akiamini kwamba mwili unaponyimwa kazi hufa mapema. Kutokana na michezo hiyo ndiko ilikotoka Olimpiki ya walemavu, nayo ya kwanza ilifunguliwa Roma tarehe 18 Septemba 1960. Yaani ilikuwa siku nane tu baada ya Abebe kupita mbele ya mnara wa Axum, na katika mji ule ule. Sidhani alifikiri siku ile kwamba habari hizo zingekuja kumhusu.

Kule Stoke Mandeville alianza tena kama alivyoanza kwa Niskanen, kila siku kazi kidogo kuliko anavyotaka na kubwa kuliko anavyopenda. Kwanza kuketi, kisha kusukuma magurudumu ya kiti, kisha kuinua vitu vizito kwa mikono. Akajifunza kulenga shabaha kwa upinde na mshale, na mwaka 1970 akashindana katika michezo ya hapo hapo, amekaa kwenye kiti chake. Akacheza na mpira wa meza. Alikwenda pia Norway, ambako aliingia katika mashindano ya kilomita 25 juu ya theluji, ameketi katika kigari kisicho na magurudumu kinachokokotwa na mbwa, akashinda. Mchungaji wa Shewa, katika theluji, anaamrisha mbwa! Alisema kwamba ushindi na msiba vyote ni mapenzi ya Mungu, na kwamba alizipokea ajali na medali kwa namna moja.

Katika nchi yetu wapo watu wengi waliopoteza viungo, na sababu zake kila mtu anazijua. Mwaka 2004 huko Athens, Jean de Dieu Nkundabera alipata medali ya shaba katika mita 800 za walemavu, medali ya kwanza ya Rwanda katika michezo hiyo. Rwanda ilikuwa imeanza kupeleka watu katika Olimpiki ile nyingine mwaka 1984, na Mathias Ntawulikura alikimbia katika tano mfululizo tangu 1988 mpaka 2004. Olimpiki tano ni miaka kumi na sita ya umuhindo. Nani aliyemwona akifanya mazoezi katika mvua ya 1989, au ya 1998?

Mwaka 1972 Abebe alialikwa Munich kama mgeni wa heshima, akaingizwa uwanjani katika kiti chake, watu wote wakasimama. Mamerikani Frank Shorter, aliyeshinda marathon mwaka huo, alikwenda kumpa mkono. Mamo Wolde alikuwa wa tatu.

Abebe alifariki tarehe 25 Oktoba 1973 katika Addis Ababa, kwa damu kuvuja katika ubongo, ugonjwa uliotokana na ile ajali. Alikuwa na miaka 41. Aliacha mke wake, Yewebdar Wolde-Giorgis, na watoto wanne. Mfalme Haile Selassie alikuja mazikoni pamoja na maelfu kwa maelfu ya watu, na siku ile ikatangazwa kuwa ya maombolezo kwa nchi nzima. Mwaka uliofuata Mfalme mwenyewe aliondolewa katika kiti chake.

Ule mnara wa Axum ulikaa Roma mpaka mwaka 2005, ndipo Waitalia walipourudisha kwa ndege, umekatwa vipande vitatu, nao ukasimamishwa tena kwao mwaka 2008. Mwaka 2010, ilipotimia miaka hamsini tangu ushindi wa Abebe, marathon ya Roma ilifanywa kwa ukumbusho wake. Mhabeshi Siraj Gena alikuwa mbele peke yake. Zilipobaki mita 300 hivi alisimama, akavua viatu, akavishika mkononi, akaendelea kukimbia mpaka mwisho akiwa na miguu mitupu.